Kitalu cha Kioo na Kitalu cha Makuti

Mwezi wa Machi, mtu wa Stuttgart au London anayependa bustani huwa amekwisha kupanga vikopo vya udongo kwenye kingo ya dirisha la sebuleni, kila kimoja na mbegu mbili tatu za nyanya, akingoja. Nje kuna baridi ambayo mche wa nyanya hauistahimili hata usiku mmoja. Mwezi huohuo mkulima wa Soni, katika milima ya Usambara, naye ana kitalu cha nyanya, ila chake kiko nje, kimeezekwa majani ya mgomba juu ya chanja ya fito, na anachokihofia ni jua la saa nane na matone mazito ya masika. Mbegu zao ni za ukoo mmoja, uliotoka Amerika. Umri wa mche siku ya kuhamishwa haupishani sana: wiki nne hadi sita Usambara, wiki sita hadi nane Ulaya. Hata mwendo wa mikono unafanana. Lakini waulize kwa nini hawakuzisia mbegu moja kwa moja shambani, na majibu yao yataachana njia panda.

Ukiyaweka majibu hayo kando ya mengine ya Paris, Japani na Meksiko, unaona kwamba kitalu kila mahali ni jawabu la upungufu. Watu huotesha mboga pembeni kwanza kwa sababu kuna kitu ambacho anga au ardhi yao haiwapi kwa wakati: joto, maji, kivuli, nafasi, au siku za kutosha kati ya baridi mbili. Kwa hiyo kitalu cha mahali pamoja hakipimiki kwa kipimo cha mahali pengine. Nalisisitiza hili kwa sababu maelekezo mengi ya bustani yanayotufikia yameandikwa kana kwamba kitalu sahihi duniani ni kimoja, na vingine vyote vinajikongoja kukifikia.

Upungufu wa joto ndio ulioacha maandishi mengi. Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, anaeleza jinsi Kaisari Tiberius alivyopenda tunda ambalo wafasiri wengi huliita tango, ingawa baadhi ya wataalamu wa mimea wa leo huliona kuwa jamii ya tikiti. Ili lisikosekane mezani, watunza bustani wake waliliotesha katika vitanda vyenye magurudumu, wakavisukuma juani kukiwa na jua, na siku za baridi wakavirudisha chini ya vifuniko vya jiwe jembamba linalopitisha mwanga. Ilikuwa anasa ya mtu mmoja. Zilipita karne nyingi kabla wazo hilohilo halijawa riziki ya watu wa kawaida.

Watu hao walikuwa wakulima wa mboga wa Paris wa karne ya 19, ambao ufundi wao ulielezwa kwa kirefu na wawili miongoni mwao, Moreau na Daverne, katika kitabu chao cha mwaka 1845. Jiji lilijaa farasi, na penye farasi pana samadi. Mkulima aliikusanya ikiwa mbichi, akaipanga kuwa tuta nene, akaishindilia, akainyunyizia maji, kisha akaweka juu yake tabaka jembamba la udongo mwororo. Vijidudu vinavyoila samadi huzalisha joto. Siku za mwanzo joto hilo hupanda mno kiasi cha kuua mbegu. Baadaye hushuka na kutulia, na hapo ndipo mbegu husiwa. Tikiti lililosiwa Februari lilihamishwa kutoka tuta moja la moto hadi jingine kabla ya kufika mahali pake pa mwisho, kila tuta likiendeleza joto pale lile la kwanza lilipoanza kupoa.

Juu ya tuta kilikaa kioo: ama fremu iliyofunikwa mikeka ya mabua usiku, ama kengele ya kioo yenye upana wa sentimita 40 hivi. Hapa kuna kitu kidogo kinachostahili kutazamwa kwa karibu. Kengele iliyofungwa kabisa huupika mche jua likitoka, tena huufukiza mvuke mpaka uoze. Basi mkulima alikuwa na vijiti vilivyochongwa mikato, mmoja juu ya mwingine. Jua likiwa la kadiri, ukingo wa kengele uliegemezwa kwenye mkato wa chini. Likizidi, wa kati. Likiwa kali, wa juu. Jioni kijiti kiliondolewa na kengele ikakaa chini. Bustani moja ilikuwa na mamia ya kengele hizo, na zote zilizungukiwa kwa mkono, siku baada ya siku, kwa kuliangalia anga tu. Magari yalipochukua nafasi ya farasi mwanzoni mwa karne ya 20, samadi iliadimika, ardhi ya pembezoni mwa jiji ikapanda bei, na bustani zile zikafifia.

Wajapani walilifikia joto hilohilo bila farasi. Mkulima wa huko hujenga boma dogo la mbao au mabua, hulijaza majani makavu ya msituni, mabua ya mpunga na pumba laini, huyaloanisha, kisha watu huingia ndani na kuyakanyaga kwa miguu mpaka yashikane. Baada ya siku chache boma hutoa joto la kutosha kuoteshea bilinganya, nyanya na marando ya viazi vitamu. Paris ilitegemea taka za jiji. Japani ilitegemea majani ya mwituni. Tena majani yale yakishamaliza kuchachuka huachwa yaoze kabisa, yakawa udongo wa kuoteshea miche ya miaka inayofuata. Wakulima wa Kijapani husema mche ni nusu ya mavuno, na msemo huo hauhusu mboga peke yake. Watu wa Moshi wanalijua hilo upande wa mpunga, kwa maana mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, ulieneza kuatika miche kwa mistari.

Ukija Afrika Mashariki, hesabu inageuka. Joto lipo, tena la kubaki. Kazi ya kitalu hapa ni kupunguza: kupunguza ukali wa jua, kupunguza nguvu ya mvua, na kupunguza eneo la kumwagilia. Hili la mwisho husahaulika, nami naliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote. Miche ya kabichi itakayojaza robo ekari hukaa kwenye matuta mawili tu ya upana wa mita moja, na mama anayechota maji bondeni kwa ndoo anaweza kuyanywesha asubuhi na jioni kwa wiki tano. Angezisia mbegu hizo shamba zima, angehitaji maji mara nyingi zaidi kwa muda uleule, wala asingekuwa na mgongo wa kuyabeba.

Tuta lenyewe huinuliwa sentimita 15 hivi ili maji ya masika yasituame. Juu yake huchomwa majani makavu ili moto uue vimelea vilivyomo kwenye udongo. Kisha huchanganywa samadi iliyoiva, na hapa samadi mbichi ya yule mkulima wa Paris ingekuwa sumu, kwa kuwa joto lake lingeiunguza miche ambayo haikuhitaji joto tangu awali. Mistari huchorwa kwa kijiti, kina cha sentimita moja, ikiachana sentimita 10 hadi 15. Mbegu husiwa, hufukiwa kwa udongo laini, hutandazwa nyasi. Siku mbegu zinapoanza kuchomoza, nyasi huondolewa jioni, kamwe si asubuhi, na chanja hupandishwa palepale.

Chanja ina hesabu yake. Wakulima wengi huliinua paa upande wa mashariki na kuliinamisha magharibi, ili jua la asubuhi liingie na la alasiri lizuiwe. Fremu ya kioo ya Ulaya nayo ina mteremko, ila wa kwake unaelekea kusini, kulidaka jua la adhuhuri ambalo kwa nchi za kaskazini mwezi wa Machi halipandi juu sana. Zote mbili zimeinamishwa kwa kulifuata jua: moja inalikaribisha, nyingine inalichuja. Pwani huezekwa makuti, milimani majani ya mgomba, na mwenye uwezo hununua wavu mweusi dukani. Penye kuku wengi kitalu hupandishwa juu ya jukwaa la miti, ndani ya karai kuukuu lililotobolewa matundu, na kazi inaendelea vilevile.

Adui mmoja hakuchagua bara. Kinyausi huukaba mche shingoni, pale shina linapogusana na udongo, na asubuhi unaikuta miche iliyokuwa wima jana imelala kama nywele zilizochanwa upande mmoja. Wasababishi wakuu ni vimelea vya Pythium na Rhizoctonia, na vinapenda mahali penye unyevu mwingi, miche iliyobanana na hewa isiyosogea. Kwa hiyo kioo cha Paris na makuti ya Tanga, vitu viwili vyenye makusudi yanayopingana, huzaa hatari ileile vikifungwa mno. Mparisi alijibu kwa kijiti chake cha mikato. Mkulima wa Usambara hujibu kwa kuipunguza miche iachane, na kwa kuchomoa majani machache ya chanja kila baada ya siku kadhaa. Mkazi wa London huondoa kifuniko cha plastiki mara tu mbegu zikichomoza. Wote watatu wanaipa miche hewa.

Tofauti hizi lakini zisichorwe kwa mipaka ya mabara. Njombe na Makete hupata sakitu miezi ya Juni na Julai, nayo Kinangop nchini Kenya ina sakitu yake. Mkulima wa huko, ijapokuwa yuko karibu na Ikweta, anaijua asubuhi ambayo majani ya viazi yamegeuka meusi. Nyanda hizohizo za juu kusini mwa Tanzania zina vinyungu, bustani za mabondeni ambazo Wahehe na Wabena huzilima kiangazi, ardhi oevu inapopungua maji kiasi cha kuinuliwa matuta. Ukivitazama vinyungu, mawazo yanavuka bahari mbili na kutua Xochimilco.

Xochimilco iko kusini mwa Jiji la Meksiko, katika bonde lililo mita 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko, tangu kabla ya Wahispania kufika, watu walijenga chinampa, mashamba membamba yaliyoinuliwa ndani ya ziwa la kina kifupi, yakizungukwa na mifereji na kushikiliwa na mizizi ya miti iliyopandwa kingoni. UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987. Kinyungu huishi msimu na kurudi majini. Chinampa hukaa vizazi. Kinyungu hungoja maji yashuke. Chinampa huinua ardhi juu ya maji. Hakuna kati yao aliye mwanafunzi wa mwenzake, na kila kimoja kinaendana na maji yake: bonde la Njombe hujaa na kupungua kila mwaka, ziwa la Meksiko lilikuwepo mwaka mzima.

Kitalu cha chinampa ndicho kilichonivutia kuliko vyote. Mkulima huchota tope la chini ya mfereji kwa mfuko uliofungwa kwenye ncha ya mti mrefu, hulijaza mtumbwini, hulileta ukingoni mwa shamba na kulitandaza tabaka la sentimita chache. Halipandi siku hiyo. Analiacha likauke kidogo, mpaka liwe gumu la kukatika bila kumomonyoka, kisha hulipitishia kisu kwa urefu na kwa upana, likawa miraba midogo. Kila mraba hutobolewa tundu katikati kwa kidole au kijiti, mbegu huingia, na tundu hufunikwa kwa samadi iliyochekechwa. Usiku wa baridi hutandikwa matete au mabua juu. Mche ukikua, mkulima huuinua pamoja na mraba wake mzima na kuupeleka shambani, na mzizi haujui kwamba umehama. Zamani hata mahindi yalioteshwa hivyo.

Faida yake inaeleweka ukikumbuka mche unavyokunywa. Maji hayaingii kwa mizizi minene inayoonekana. Huingia hasa kwa vinyweleo vyembamba vilivyo karibu na ncha za mizizi, na hivyo hukatika mara tu mche unapong'olewa. Majani yanaendelea kupoteza maji, mizizi haileti mengine, mche unanyauka. Mraba wa tope huviokoa vinyweleo. Katika nchi za Magharibi wazo la mraba bila chungu lilienea kwa kifaa cha chuma kinachobana udongo kuwa vipande vya pembe nne. Eliot Coleman, mkulima wa Maine huko Marekani, ndiye aliyekitangaza sana kwa Wamarekani kupitia kitabu chake cha mwaka 1989. Kati ya kipande na kipande hubaki upenyo wa hewa. Mzizi ukifika ukingoni hukoma badala ya kujizungusha kama ufanyavyo ndani ya kopo, na ukipandwa huendelea mbele.

Afrika Mashariki mche wa mboga kwa kawaida huhamishwa mizizi uchi. Wapo wanaoliona hili kuwa ufundi pungufu. Sikubaliani nao. Tazama ni nani anaubeba mche na kwa njia gani. Mmeksiko ana mtumbwi, na kwa mtumbwi udongo si mzigo. Mparisi alikuwa ndani ya ukuta wa bustani ya hekta moja hivi, kutoka tuta hadi tuta ni hatua chache. Mkulima wa Usambara ana kitalu kijitoni na shamba mteremkoni juu, na kati yake kuna njia ya miguu. Miche mia tatu ya kabichi yenye udongo wake ni kazi ya safari nyingi. Mizizi uchi, imefungwa kwenye gunia bichi, inakaa ndani ya beseni moja kichwani. Ufundi unahamia kwenye mambo mengine: kitalu hunyweshwa vizuri kabla ya kung'oa, miche huinuliwa kwa kijiti isivutwe, hupandwa baada ya saa kumi jua likiwa limelegea ili usiku mzima uwe wa kupona, udongo hukandamizwa shinani, maji hufuata papo hapo. Kitunguu hukatwa ncha za majani ili yapoteze maji kidogo. Kabichi na nyanya huvumilia msukosuko huo. Nyanya hata hufaidika ikizamishwa, kwa sababu shina lililofukiwa huota mizizi mipya. Tango na boga hazivumilii, na ndiyo maana wakulima wetu huzisia moja kwa moja, sawa na karoti na bamia, wakati Mzungu mwenye kiangazi kifupi huzianzisha kwenye vikopo na kuzihamisha bila kugusa mzizi.

Baada ya ufundi wa mkono kuna swali la lini. Wajerumani wana watakatifu wa barafu, kuanzia Mamertus tarehe 11 Mei hadi Sophia tarehe 15, ambaye wao humwita Sophia wa Baridi. Wakulima wengi hawatoi nyanya nje kabla Sophia hajapita. Mageuzi ya kalenda ya mwaka 1582 yalizisogeza tarehe kwa siku 10, hivyo hali ya hewa ambayo watakatifu hao waliitambulisha zamani ingepaswa kutazamiwa karibu na tarehe 25 Mei, lakini desturi ilibaki na majina. Japani kuna usiku wa themanini na nane, unaohesabiwa tangu siku ya jadi ya kuingia kwa majira ya kuchipua mapema Februari, ukaangukia tarehe 2 Mei hivi. Baada ya hapo sakitu inahesabiwa kuwa imeaga. Na pwani yetu ilikuwa na hesabu ya aina hiyohiyo. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi na haushikamani na majira, Waswahili waliweka pembeni mwaka wa jua ulioanzia Nairuzi, wakauhesabu kwa miongo, siku kumi kumi, na kwa hesabu hiyo manahodha walijua pepo na wakulima walijua mvua. Siku ya Mwaka ingali inasherehekewa Makunduchi kila Julai.

Hesabu tatu zinafanana kwa sura, lakini zinangoja vitu viwili tofauti. Mjerumani na Mjapani wanangoja mwisho wa kitu: sakitu ya mwisho. Mswahili anangoja mwanzo: mvua ya kwanza ya kutegemewa. Sakitu ya mwisho ikishapita, njia ni nyeupe. Mvua ya kwanza inaweza kunyesha siku mbili na kukata wiki tatu, huku miche kitaluni inazeeka, mashina yanakuwa magumu, majani yanapauka. Ndiyo maana mkulima mwangalifu wa huku husia kwa awamu, sehemu leo na sehemu baada ya siku kumi, ili mvua ikija wakati wowote imkute na mche wa umri unaofaa. Huo ni werevu ambao Ulaya haikuuhitaji sana.

Hata kuikomaza miche wiki ya mwisho kunafuata mgawanyiko huo. Ulaya hutolewa nje saa chache kila siku, izoee upepo na ubaridi, kwa siku saba hadi kumi. Kwetu majani ya chanja huondolewa kidogo kidogo mpaka kitalu kibaki wazi, na maji hupunguzwa, izoee jua na kiu. Mche uliodekezwa hufa katika nchi zote.

Katika miongo ya karibuni vitalu hivi vyote vimeanza kufanana, kwa sababu ya trei ya plastiki yenye matundu na mchanganyiko unaouzwa kwenye mifuko. Trei ina manufaa ya kweli, hasa pale mbegu chotara zinapouzwa kwa bei ambayo haimruhusu mkulima kupoteza hata moja. Lakini kijazio chake kwa muda mrefu kilikuwa mboji ya vinamasi vya kaskazini, inayojijenga kwa takriban milimita moja tu kwa mwaka na ambayo ikichimbwa huachilia kaboni iliyohifadhiwa kwa maelfu ya miaka. Mwaka 2022 serikali ya Uingereza ilitangaza nia ya kukomesha kuiuza kwa wenye bustani za nyumbani nchini Uingereza. Nafasi yake inashikwa kwa sehemu kubwa na chenga za makumbi ya nazi, zinazotoka hasa India na Sri Lanka. Zanzibar, katika vijiji kama Paje na Jambiani, wanawake huyafukia makumbi mchangani, pale bahari inapojaa na kupwa, kwa miezi kadhaa, kisha huyaponda kupata nyuzi za kamba, na chenga hubaki pale pwani. Chenga hizo zina chumvi, na zingehitaji kuoshwa kwa maji baridi mara kadhaa kabla ya kuguswa na mzizi. Kazi hiyo ingefaa kujaribiwa kabla ya kuagiza mifuko kutoka ng'ambo.

Mwingiliano hauendi upande mmoja. Katika bustani za pamoja za Marekani, zikiwemo za programu ya New Roots ya shirika la International Rescue Committee, wakimbizi wa Kongo na Burundi hulima lengalenga, mchicha uleule tunaousia kwa kutawanya. Huko kiangazi ni kifupi, kwa hiyo mboga ambayo nyumbani haikujua kitalu sasa inaweza kuanzishiwa ndani ya nyumba, dirishani, mwezi wa Aprili. Dirisha lina tatizo lake: mwanga huja kutoka upande mmoja, na miche hurefuka, ikapinda, ikawa myembamba kama uzi. Dalili hiyo mkulima wa Usambara ataitambua mara moja, maana ndiyo humpata akizidisha majani kwenye chanja.

Urefu wa siku ndio jambo ambalo ufundi hauwezi kulifidia. Mbegu za vitunguu zinazouzwa kaskazini mwa Ulaya nyingi ni za aina inayongoja siku yenye mwanga wa saa 14 au zaidi ndipo ifunge kichwa. London hupata saa zaidi ya 16 mwezi wa Juni. Mang'ola, wilayani Karatu karibu na Ziwa Eyasi, hupata saa 12 hivi mwaka mzima. Pakiti aliyoileta ndugu kutoka ughaibuni kwa nia njema itaota Mang'ola, itapendeza kitaluni, itaatikwa, itapaliliwa, na itazaa majani. Red Creole na Bombay Red hufunga kwa sababu zimezoea siku fupi, kama vile nyanya za Tanya na Tengeru 97 zilivyotolewa Arusha mwaka 1997 kwa kuzingatia mashamba ya huku.

Kwa hiyo nina ombi kwa wauzaji wa mbegu na maafisa ugani. Pakiti iseme masika au vuli badala ya Machi au Aprili ya nchi nyingine. Iseme kivuli kiasi gani na kiondolewe lini. Kwa vitunguu, iseme saa ngapi za mwanga mbegu hiyo inadai. Na wewe msomaji unayefunga mzigo wa kurudi nyumbani, ukitaka kumletea mama mbegu, mletee za karoti au kabichi. Vitunguu mwachie anunue Karatu.